Kiraka Kilichozuiwa Mlangoni, na Maji ya Shamba la Kumi na Tisa

Kwa Mwenyekiti Apollo,
Chama cha Wakulima wa Mfereji wa Nne, Mubuku.
Kwa mkono wa Katibu Kyomuhendo, ambaye amekaa kwenye benchi langu akiangalia saa.

Bwera, Jumanne

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natangaza kwa moyo mzito, nikiwa nimesimama ingawa hakuna aliyeniamuru kusimama, kwamba leo saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi kompyuta ya chama imeganda. Mshale ulifika kwenye mstari wa kumi na tisa ukakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Katibu aliubembeleza. Kisha akaugombeza. Kisha akachomoa waya, akaifunga mashine kwenye kitenge kama mtoto mchanga, akapanda taksi mpaka hapa kwenye kibanda changu, anataka nimwambie inaumwa nini.

Najua inaumwa nini. Nimejua tangu mwezi wa tatu, na wewe unajua kwamba najua. Ndiyo maana naandika.

Kwa faida ya wajumbe watakaosomewa barua hii, nieleze kwanza. Kompyuta ikiwashwa, kinachoamka kabla ya vyote ni programu ndogo iliyolala ndani ya chipu yenye miguu minane. Tuiite mwamshaji. Mwamshaji huamsha vitu vingine kimoja kimoja, halafu hukabidhi kazi kwa mfumo endeshi, ambao ndio ninyi mnaouona wenye picha ya maua. Mashine yetu tuliinunua ikiwa imetumika, na mwamshaji wake wa kiwandani alikuwa anadai neno la siri la bwana mmoja wa Kampala aliyeiuza akaenda zake. Nikamfuta. Nikaweka mwamshaji huria, ambaye maandishi yake yako wazi kwa mtu yeyote kuyasoma. Ulinipigia makofi, Mzee wangu. Sijasahau.

Sasa, ndani ya prosesa, ambayo ndiyo kichwa cha mashine, kuna maagizo madogo madogo yaitwayo maikrokodi, yanayoiambia namna ya kufanya hesabu zake. Maagizo ya prosesa yetu yalitoka kiwandani yakiwa na makosa. Kiwanda kikaona aibu, kikatoa kiraka. Lakini prosesa ikizimwa inasahau kiraka, kwa hiyo kila asubuhi inapewa upya, kama mtu wa presha na kidonge chake. Anayeipa ni mwamshaji. Na kiraka chenyewe kimefungwa: kiwanda kimekiandika kwa siri, prosesa peke yake ndiyo yenye ufunguo, sisi wengine tunaona ganda tu.

Nilipoomba ruhusa ya kukiweka, uliniuliza kama kinafunguka. Nikasema hapana. Wewe uliyekuwa wakala wa kupitisha mizigo pale mpakani Mpondwe kwa miaka ishirini na sita, ukavua miwani mbele ya mkutano mzima, ukasema: "Thembo, kijana wangu, mzigo usiofunguliwa haupiti." Watu wakashangilia. Kiraka kikarudishwa kilikotoka, na tangu siku hiyo mashine inaganda.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba kanuni yako inazuia dawa na kuruhusu ugonjwa. Yale maagizo yenye makosa, ambayo prosesa ilizaliwa nayo, nayo yamefungwa. Hakuna aliyeyafungua, si hapa, si Kasese, si popote. Yako tumboni mwa mashine na yanakaa mezani kwako kila siku yakinywa umeme wa chama. Yalipita kwa sababu yalifika kabla hujajenga kizuizi. Kwa hiyo mgeni mbaya aliyewahi ni mwenyeji, na mgeni mwema aliyechelewa anarudishwa mpakani. Natumaini hukufanya kazi hivyo kule Mpondwe, ingawa wapo wafanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambao, nikiwasomea aya hii, wanacheka kwa muda mrefu sana.

2. Kwamba ukaguzi ulifanywa kwa upendeleo. Uliagiza mwamshaji huria achapishwe ili umkague. Katibu alichapisha kurasa arobaini na tatu mpaka wino ukaisha, na wino ule ulikuwa wa risiti. Ukashika ukurasa wa kwanza, ukautazama kwa dakika moja, ukasema "Safi." Mzee wangu, uliushika juu chini. Nikakuletea na kiraka kilichochapishwa kwa wino wangu. Ukakishika sawasawa, ukakitazama kwa dakika tatu, ukasema hukielewi. Kwa hiyo kurasa zote hukuzielewa, ila za kwanza hukuzielewa kwa ruhusa. Silaumu. Nauliza tu kama chama kina kiwango maalum cha kutokuelewa, ili safari nyingine nilete kitu kinacholingana.

3. Kuhusu maji. Hapa naomba wajumbe wanaosinzia waamshwe.

Kila siku mashamba mawili yanapata maji ya mfereji, kwa zamu, kuanzia la kwanza mpaka la ishirini na nne. Zamu inatoka kwenye kompyuta, inachapishwa, inapigwa muhuri. Karatasi ya mkono haikubaliki tangu ule mwaka ambao kila mtu alikuja na karatasi yake na mwandiko wa jirani yake. Kanuni nzuri, niliipigia kura. Lakini kompyuta ikiganda, Katibu akiiwasha tena, orodha inafunguka kutoka juu. Zamu inaanza upya kwenye shamba la kwanza.

Shamba la kwanza ni lako.

Sisemi kitu. Nataja jiografia. Mashine imeganda mara nne tangu mvua ikatike: ikiwa namba tisa, ikiwa namba kumi na nne, ikiwa kumi na nane, na leo tena ikiwa imemaliza kumi na nane. Mara zote nne maji yamerudi kwako, ambako nasikia kambare wameanza kuishi. Mpunga wako unaogelea. Ukipita pale jioni vyura wanakusalimia kwa jina.

Shamba la kumi na tisa ni la dada yangu Biira. Halijaonja maji kwa wiki tano. Mpunga wake unatoa maua sasa hivi, na mpunga ukikosa maji ukiwa kwenye maua unabeba masuke matupu. Hilo halihitaji kompyuta, hata wewe unalijua. Ardhi imepasuka, mguu unaingia mpaka kifundo. Lile shamba amelikodi. Akikosa mavuno haya, mwenye shamba ameshamwambia kuna mtu mwingine anayelitaka, na Biira anarudi kwa mama yetu na watoto watatu.

Wiki iliyopita alikwenda kwenye lango la mfereji kuomba. Anayelinda lango ni Afande Arthur, askari mstaafu, mnamjua. Biira akamwambia, "Afande, jana si wewe mwenyewe ulifungulia kumi na nane? Leo si ni kumi na tisa?" Afande akajibu, "Wewe mama, mimi hapana kujua jana. Karatasi nasema moja, mimi nafungua moja. Geuka nyuma!" Biira akageuka nyuma. Ukimwona mtu anageuzwa nyuma mbele ya maji yanayopita, akiwa ameshika jembe, utakumbuka kwa siku kadhaa. Mimi nakumbuka bado.

4. Kwamba kanuni haifuatwi na aliyeitunga. Nimefanya uchunguzi wangu mdogo, bila gharama kwa chama. Katika mkutano wa mwisho ulikunywa soda mbili zilizofungwa kiwandani. Unameza vidonge vya presha vilivyo katika ganda, nusu nyekundu nusu nyeupe, na hujapata hata siku moja kupasua kimoja ukamwaga unga mezani wajumbe waukague. Redio yako ina skrubu sita na hakuna iliyowahi kuguswa. Mzigo usiofunguliwa, Mheshimiwa, unapita kila siku, na unapita kooni mwako.

5. Kwamba kama tunaipenda kanuni, tuipende yote. Napendekeza prosesa ing'olewe, kwa kuwa ni mzigo uliofungwa. Mashine itabaki na skrini, kibodi na mwamshaji huria, ambaye ataamka kila asubuhi bila kuwa na wa kumwamsha, na kwa utulivu huo haitaganda kamwe. Hesabu za zamu zitafanywa na kichwa cha Katibu Kyomuhendo. Hapa nimekutana na ugumu: nimemuuliza Katibu, hapo kwenye benchi, kama kichwa chake kimewahi kufunguliwa kukaguliwa, akasema, "Thembo, wewe endelea tu na ujinga wako, unadhani taksi ya Kasese itanisubiri?" Nimeandika kwamba hakijawahi. Basi kichwa chake nacho hakipiti. Cha Afande hakipiti. Kuhusu cha Mwenyekiti, naachia mkutano.

Likifanyika hilo, chama kitakuwa na usafi ambao haujapata kuonekana upande huu wa Rwenzori: hakuna kompyuta, hakuna katibu, hakuna mlinzi, hakuna mwenyekiti. Maji yatajiendea yenyewe. Na kwa vile maji hushuka, na shamba la Biira liko chini, naona yatafika.

Baada ya kusema hayo, maombi yangu ni madogo. Niruhusiwe kuifungua mashine, nibane ile chipu ya miguu minane kwa kibanio changu, nimwandike mwamshaji upya akiwa na kiraka chake. Nusu saa, na chai. Na mpaka ruhusa itakapotoka, shamba la kumi na tisa liitwe shamba la kwanza, na la kwanza liitwe la kumi na tisa. Watasema naomba hivyo kwa sababu Biira ni dada yangu. Si kweli. Naomba hivyo kwa sababu ni dada yangu na mpunga wake unakauka. Ni sababu mbili.

Kama hili nalo litakataliwa, nitalazimika kuisoma barua hii kwa sauti siku ya soko hapa Bwera, mahali ambapo mawakala wa mizigo wa zamani hupenda kunywa chai.

Mpe salamu mkeo, Mama Naome, ambaye chapati zake hazina kosa lolote la kiwandani. Wasalimie wajumbe wote, waliolala na walio macho. Msalimie Afande Arthur na umwambie nimegeuka nyuma. Wasalimie kambare.

Wako katika usomaji huru,

Thembo
Fundi wa kompyuta, niliyejifunza mwenyewe
Bwera

N.B. Haya naandika nyuma ya bahasha, kwa kuwa Katibu ameshaifunga kwa gundi na hataki kuifungua. Kwa hiyo utayasoma kabla ya barua. Si vibaya.

Hardy, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya mpaka, amepita kuchukua chaja yake. Akasoma nakala ya barua, akasema nimeandika vizuri, akavuta kibodi, akaandika mstari mmoja. Mashine ikajibu kwamba prosesa inapata kiraka kipya kila asubuhi. Hakipitii kwa mwamshaji. Mfumo endeshi ndio unaokitoa, baada tu ya mwamshaji kumaliza kazi. Kizuizi chako kimesimama vizuri kabisa, na mzigo umekuwa ukipita njia ya panya nyuma yake. Aliyeifungua njia hiyo ni mimi, siku nilipoweka mfumo endeshi mwezi wa pili. Nilikuwa nimesahau.

Nikamuuliza sasa inaganda kwa nini. Akasema, "Mukubwa, hii mashini haiko mugonjwa. Iko na joto tu." Akafungua mfuniko wa nyuma. Feni haizunguki. Imeshindiliwa pumba za mpunga mpaka imekuwa kama mto wa kulalia.

Tumeisafisha kwa brashi ya viatu. Ina saa mbili sasa haijaganda. Orodha nimeishusha mwenyewe mpaka kumi na tisa na imemalizika bila kuganda, karatasi imechapishwa hapa kibandani kuanzia kumi na tisa, na muhuri Katibu alikuwa nao kwenye mkoba. Anaipeleka kwa Afande leo hii. Kuhusu malalamiko ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano, kama hujaifungua bahasha, kanuni yako inakuruhusu usiifungue. La tatu liache lilivyo.

Nimemuuliza Katibu pumba zinatoka wapi, wakati mashine ya kukoboa iko mbali. Anasema kuna mtu huja kupepeta mpunga alioutwanga wa mavuno yaliyopita chini ya dirisha la ofisi kila Jumamosi, kwa sababu pale pana upepo mzuri. Ni Biira.