Kupanda ni Marufuku

Jumatatu, 4 Agosti
Njia ya baiskeli kando ya mto Kathita imefunguliwa! Matofali ya kabro nyekundu kutoka chini ya Majengo mpaka daraja la chini. Wa kwanza kuipita ni mimi, na baiskeli ya chuma, blakimamba ya marehemu babu. Breki haina, lakini mwenye miguu kama yangu anataka breki ya nini? Wote walisema naenda kama upepo. (Niliyesema ni mimi. Wengine walisikia.)

Shamba la cucu, bibi yangu, limebaki kati ya njia na maji, kipande tu cha nduma, yale magimbi ya majimaji. Riungu, msimamizi wa njia, alimwahidi kwa mdomo kwamba zikae hadi zikomae. Cucu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nduma hizo ndizo tunakunywa nazo chai, na ndizo anazouza sokoni. Shamba lingine hatuna.

Jumanne, 5 Agosti
Aibu! Njuki, mtoto wa mwalimu, amekuja na baiskeli ya gia. Celina amekaa mbele yake. Wangu kabisa yule, ni vile tu sijamwambia. Njuki akaniuliza kwa sauti kama napeleka vyuma kwa skrapu. Celina akacheka mpaka akashika tumbo.

Jumatano, 6 Agosti
Akili! Kule daraja la chini kuna bango: KUPANDA NI MARUFUKU. Ni la wale wanaolima ukingo wa mto. Lakini si watu hupanda mahindi, na hupanda baiskeli pia? Mvua ikinyesha nimeling'oa, nikalibeba begani mpaka mwanzo wa njia. Kabro kila mahali. Udongo laini ulikuwa pale tu kwa nduma za cucu. Likaingia kama kijiko kwenye mukimo.

Alhamisi, 7 Agosti
Njuki kafika, kasoma, kashuka! Akauliza mbona mimi napanda. Nikamwambia mimi nina ruhusa, wewe bwana shule soma tena. Akaisukuma baiskeli mpaka mwisho, Celina nyuma, viatu mkononi. Nikawapita mara tatu nikipiga kengele. Kengele ni mdomo wangu.

Celina aliniuliza kama mimi ni mjukuu wa yule cucu wa nduma. Eti anazipenda sana. Ananipenda mimi, ni kuzungusha tu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nduma hakuna.

Wanaume wa jembe, wale wa kusafisha njia, walikuja asubuhi. Wakaona bango limesimama hapo hapo. Riungu mwenyewe alishangaa, akasema basi wakubwa wamebadilisha mawazo, yeye ni nani. Wakazing'oa zote. Zingine hazijafika hata kidole gumba. Wakazitupa mtoni.

Nilitaka kusema kitu. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Cucu hakulia. Alimwomba mmoja wao, akimwita mwanangu, amwachie hata zile za karibu na maji. Akajibiwa mama, bango ni bango. Cucu hajui kusoma. Akanigeukia, akaniuliza linasema nini. Nikamwambia linakataza kupanda. Akauliza ni nani ameliweka.

Nikamwambia ni serikali.

Jumapili, 10 Agosti
Cucu hajaenda kanisani. Tumekunywa chai kavu.

Mchana aliomba nimpeleke na baiskeli akaone mahali. Hajawahi kupanda baiskeli tangu babu afe. Alikaa kwenye kerieri, akashika koti langu. Mwepesi! Nilidhani ameanguka, nikageuka mara mbili kumtafuta. Tulipofika aliniambia nisimame. Breki nitoe wapi? Tukapita. Tukapita mbali kabisa, yeye amegeuza shingo anaangalia udongo mweusi mpaka ukaisha. Mimi nikajifanya nakohoa.

Kurudi tulitembea. Akasema Mukiri ana kipande cha majimaji ng'ambo ya mto, ambako njia haifiki. Walibatizwa pamoja. Nikamwombe tu vizuri, hawezi kukataa.

Jumatatu, 11 Agosti
Kuomba! Mtu na akili zangu?

Kwanza, mambo ya Ijumaa yaliletwa na Njuki. Angekuwa hajui kusoma, hata nisingejisumbua.

Pili, nina mpango. Pale kwa Mukiri kumejaa majani ya napia ya ng'ombe wake. Nitamwambia napia imeingiwa na ugonjwa kutoka Timau, ng'ombe akiila anaanguka miguu juu. Atang'oa yote kwa mkono wake mwenyewe, na cucu atapata mahali. Ng'ombe ni mmoja tu. Atakula kitu kingine.

Leo cucu alishuka mtoni, akaokota miche mitatu iliyokwama kwenye mawe. Ameifunga kwa kitambaa kibichi, akanipa nimpelekee Mukiri na salamu zake. Eti akiiona tu ataelewa.

Nimeificha chini ya kitanda. Mukiri akiiona atatoa shamba bure, na mpango wangu mzuri hivi utakuwa wa kazi gani?