Meno Yangu Chini ya Kiti cha Ndege

Jumamosi, 3 Agosti
Meno yangu ya bandia ya chini yamepotea. Ninajua yaliko. Ndiyo aibu yenyewe.

Asubuhi niliketi ndani ya ndege yetu ya pili, ya kuelea bila injini, kuwaonyesha makadeti, vijana wa kikosi chetu wanaojifunza urubani, namna ya kufunga mikanda. Mdomoni nilikuwa na tofi. Mimi, afisa usalama, niliyebandika kwa mkono wangu onyo kwamba hakuna anayeingia ndegeni na kitu cha kutafuna! Tofi ikanata kwenye meno. Nikapiga chafya. Vyote viwili vikaruka chini ya kiti.

Sheria ni moja kwa jeshi zima: kikipotea kitu ndegeni, hata kifungo cha shati, unasema hapo hapo, ndege haiondoki mpaka kionekane, na taarifa inakwenda kwa wakaguzi wa nje ambao hawapokei amri ya kamanda wetu. Kitu kidogo kikibana usukani, mtoto anakufa. Somo hilo nalifundisha mimi.

Nimepekua kwa tochi. Hakuna. Nitasema kesho.

Jumapili, 4 Agosti
Mvua. Alhamdulillahi, hakuna kuruka.

Nimebuni hila. Nikamwambia Trevor Ollerenshaw, mkufunzi anayekitamani cheo changu, kwamba breki ya ndege ya pili ina harufu mbaya. Wakiizuia kuruka kwa ajili ya breki, nitapata nafasi ya kupekua tena. Trevor akainusa kwa kituo, kama anayenusa samaki sokoni, akasema breki ni nzima. Kisha akauliza, mbele ya watu, mbona leo mzee anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni. Nikasema jino linauma. Uongo wenye nusu ya ukweli: jino lipo, ila haliumi, na halipo kwangu.

Kamanda Hathersage, mama mpole, akaniletea supu. Niliimeza pamoja na aibu yangu.

Jumatatu, 5 Agosti
Anga safi. Zamu ya Ffion, binti wa miaka kumi na sita, kuruka peke yake kwa mara ya kwanza. Ndege ya pili.

Mimi ndiye niliyepewa kushika ncha ya bawa, lisiguse chini kabla ndege haijavutwa. Kwenye uwanja huu yeyote, hata kadeti aliyeingia jana, akipiga kelele "Simama!" kila kitu kinasimama, na haulizwi sababu mpaka baadaye. Neno moja tu! Nilikuwa nalo kooni. Nikawaza Trevor atakavyocheka. Nikawaza kibao cha mlangoni chenye jina langu. Kamba ya winchi, mashine inayoivuta ndege hadi angani, ikaletwa. Nikanyamaza.

"Simama!"

Alikuwa Ffion mwenyewe. Alizungusha usukani kwa ukaguzi wa mwisho, ukagoma katikati. Trevor akaingiza mkono, akatoa meno, yamekumbatiana na tofi.

Walicheka wote. Kisha wakaacha, mmoja mmoja. Ffion hakucheka tangu mwanzo. Aliuliza, "Bwana Shemdoe, ulikuwa unajua?"

Nikatazama nyasi.

Jumatano, 7 Agosti
Mkaguzi amefika: Bi Thackray, viatu vya matope, hana haraka. Ndege zote zimefungiwa wiki nzima. Nikajitolea kuongoza uchunguzi, kwa kuwa mambo ya usalama yako chini yangu. Akauliza nitajihoji vipi, kwa kioo? Trevor akadakia: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Hata kamanda alificha tabasamu.

Cheo kimekwenda. Kibao nimekibandua mwenyewe.

Ffion amerudi kwao bila kuruka. Kabla ya kupanda gari alinijia, akaniambia taratibu: "Ungesema tu siku ile, mzee wangu. Tungekucheka mchana mmoja, kesho yake tungeruka."

Tangu niondoke Tanga nimeaibishwa na watu wengi wakubwa. Hakuna aliyenifikia ndani namna hii.

Jumamosi, 10 Agosti
Bi Thackray ameomba maelezo yangu, yasomwe kwenye vikosi vingine ili watoto wao wawe salama. Nimeapa kuandika ukweli mtupu. Nimelia kidogo, kisha nikaanza.

"Meno" nimeweka "kitu kidogo cha plastiki." Watu wazima wataelewa. "Mimi" nimeweka "afisa mmoja." Trevor nimemtaja kuwa alikuwa karibu, maana kweli alikuwa karibu.

Ffion amepiga simu. Amepangiwa kurudi mwezi ujao. Aliuliza kama safari hii nimesema yote. Nikamwambia yote, mwanangu, mwanzo hadi mwisho.

Nikarudi mezani kusoma tena. Nilikuwa nimeandika kwamba kabla ya ndege kuvutwa, afisa alikaribia kupiga kelele "Simama!" Sentensi ilikuwa ndefu.

Nimefuta "alikaribia kupiga." Nimeweka "alipiga."