Pembe Nane za Sabuni

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka na Bi Rula wa Darasa la Tatu B! Seremala kamchongea maumbo ya mbao. Watoto wake wanayashika, wanahesabu pembe, wanapigiana makofi. Wangu wa Tatu A wanautumbulia macho ubao tu. Na Mwalimu Mkuu katangaza: Alhamisi wazazi wanakuja kutazama masomo. Nikapata wazo. Sabuni za miche! Zinakatika kwa kisu, seremala wa nini? Mama watoto kauliza nguo atafulia nini. Nimemwambia elimu haina mwisho. Kajibu kwamba uvumilivu wake unao.

Jumanne, 5 Machi
Maajabu! Binti aitwaye Kimya, ambaye tangu mwaka uanze hajatamka neno darasani, kafumba macho, kaupapasa mchemraba wa sabuni, kanyoosha kidole. Pembe nane, akasema. Sauti ya mtu anayeomba radhi. Nusura nilie. Kisha kauliza kama Alhamisi anaweza kumwonyesha mama yake. Nimemwahidi atakuwa wa kwanza. Bi Rula kachungulia dirishani, kasema darasa langu linanukia. Wivu huo!

Jumatano, 6 Machi
Maumbo yamechafuka kwa vidole vya watoto. Wageni watanionaje? Nimeyaloweka kwenye beseni, asubuhi nitayafuta yang'ae. Mama watoto kalitazama beseni, kanitazama mimi, kaenda zake.

Alhamisi, 7 Machi
Ole wangu! Beseni limejaa uji. Vilivyosalia ni vidonge teketeke. Nikaenda navyo hivyo hivyo, ningefanyaje? Kimya kasimama mbele ya mama yake, kafumba macho, kapapasa, kapapasa tena. Nikamuuliza mchemraba una pembe ngapi. Kasema hauna hata moja. Wazazi wakaangua kicheko.

Kasema kweli tupu yule mtoto! Nami kwa kuogopa aibu nikamwambia amekosea, ni nane, akae chini. Akakaa. Mama yake akainamisha kichwa kwa aibu. Najuta.

Ijumaa, 8 Machi
Mama yake kaomba Kimya ahamie Tatu B. Kahamia. Nimepitapita mlangoni kwao nikijifanya natafuta chaki. Bi Rula kanifuata mwenyewe, kasema kwa upole tutumie maumbo yake ya mbao sote wawili. Nimemshukuru. Nimekataa.

Wakati wa mapumziko nimemwendea Kimya. Nimemwambia jana aliyesema kweli ni yeye, mwongo nilikuwa mimi. Kauliza kama nina mchemraba mwingine. Moyo wangu! Nimemwambia Jumatatu asubuhi aje aushike, na nitamsikiliza.

Jumapili, 10 Machi
Nimefikiri sana, kosa nimeliona. Kosa lilikuwa la sabuni. Nimeyeyusha mishumaa yote ya nyumbani, nikachonga mchemraba mkubwa, pembe nane kali, mzuri ajabu. Nta uiloweke wiki nzima, haijali! Nimeuweka juu ya bati, penye jua kali la mchana, ukauke vizuri.