Mlio wa Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Bila mimi, kampuni yetu ya kuhamisha mitambo mizito ingekuwa inabeba magunia ya mkaa. Marehemu baba aliianzisha, dada anaiongoza, lakini uti wa mgongo ni mimi. Leo mpwa wangu, binti wa dada, kaja na daftari. Anaandika kitabu cha miaka hamsini ya kampuni. Kasema pembeni ya picha ya babu yake itatundikwa picha moja tu: ya mtu aliyepiga filimbi siku ya transfoma.

Kwetu filimbi ni sheria. Mlio mmoja, inua. Miwili, shusha. Mitatu, acha kila kitu ukimbie. Siku ile mnyororo ulikatika ghalani. Mitatu ikalia, watu tisa wakaponea chupuchupu. Baba peke yake akabaki chini ya transfoma.

Nikamwambia mpigaji ni mimi. Akaandika. Kalamu haikusita hata kidogo! Kasema kurasa zangu niziandike mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Dereva wetu mzee, Breki, hana adabu. Wa siku ile tumebaki mimi na yeye. Kasoma ukurasa wangu, kaukunja, kaniuliza mbele ya mafundi:

"Mlio wa tatu ulikatika katikati. Wewe mwenzetu, pumzi yako ilikatwa na nini?"

Nikasema kwikwi. Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kwikwi nimeiingiza kitabuni.

Saa sita mchana, nikimalizia sentensi hiyo, filimbi ikalia ghalani. Mmoja. Wa pili. Wa tatu ukakatika. Nikaenda kuchungulia. Hamna mtu. Doa la mafuta ya transfoma, la miaka thelathini, linang'aa kama la jana. Nje, Breki kazima lori, kavua kofia. Hakunitazama.

Upepo tu.

Ijumaa, 7 Juni

Kesho sherehe. Winchi itanyanyua lori letu la kwanza na kulipandisha jukwaani. Mtoa ishara: mimi! Nimeichukua filimbi ya baba ofisini kwa dada. Dada kaniomba nisichezee vitu vya marehemu. Nikamjibu mtoto wa nyoka ni nyoka.

Filimbi imeziba kwa kutu. Napuliza, mashavu yanavimba kama chura, hailii. Si neno. Nitaipeleka mdomoni, nitainua mkono, Breki kwenye winchi atafuata mkono. Wageni watajulia wapi?

Nikaifungia kwenye kabati. Jioni nikaitoa niifute. Ina mate. Ya vuguvugu. Si yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Niliagiza viti visogezwe karibu, watu wanione vizuri. Breki kakataa. Nikamkumbusha nani mpiga filimbi hapa. Dada akakaa mbele kabisa.

Nikainua mkono. Lori likapanda. Nikarudisha filimbi mfukoni ili nipunge mikono yote miwili, maana mpiga picha alikuwa tayari.

Ikalia. Mmoja. Wa pili. Wa tatu ukakatika.

Wazee wa kazi wakakimbia bila kuuliza, wakawaburuta wageni. Mnyororo ukakatika. Kiti cha dada kikalala bapa kama bahasha.

Dada akanikumbatia.

"Kaka, nilikuwa sikuamini. Nisamehe."

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nikasema si kitu, ni mazoea. Breki akapita, akaninong'oneza kwamba kwikwi yangu bado haijapona.

Jumapili, 9 Juni

Picha imetundikwa. Mimi na baba, bega kwa bega. Yake imepinda. Nainyoosha, inapinda tena, inanitazama.

Nimeanza sura ya pili: siku nilipovusha boila mtoni peke yangu. Mstari wa kwanza tu, filimbi ikalia ghalani. Mlio mmoja. Inua. Nikainua kalamu. Nikangoja miwili ya kushusha. Kimya. Nikaishusha mwenyewe, nikaendelea.

Hili haliingii kitabuni: siku ya transfoma nilikuwa chooni. Milio yote mitatu ya baba niliisikia. Sikukimbia. Suruali ilikuwa magotini.