Kitongoji cha Makao Makuu, Tawi la Basotu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, ambaye ni mimi. Ndugu Katibu wa Kamati hiyo, ambaye amepata udhuru na kuniomba nimwakilishe. Ndugu madereva wa kombaini, matrekta na malori ya ngano. Wazee wetu wa uwandani mkiongozwa na Mzee Gidabuday, shikamooni. Akina mama mlioshuka kutoka Mbulu na masweta yenu. Wageni waalikwa na wageni wasioalikwa. Mabibi na mabwana. (Makofi ya wastani. Ng'ombe analia.)

Mimi Hermani, Afisa Mipango wa muda, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyopimika, ingawa Kamati imejaribu kuipima ikapata asilimia mia moja na kumi na nne, kuwatangazia kwamba kuanzia leo eneo hili, kutoka ukingo wa ziwa letu la Basotu hadi ngano inapoishia, si uwanda tena bali ni kitongoji rasmi cha pembezoni mwa Makao Makuu mapya ya Taifa yanayojengwa Dodoma. (Minong'ono. Sauti kutoka nyuma: "Dodoma ni mbali, ndugu.") Ndugu mwananchi, umbali ni suala la kiteknikali. Kila mji mkuu wenye heshima zake una vitongoji, na kitongoji kikikaa karibu mno na mji kinaleta msongamano. Sisi tumeuzuia msongamano huo kabla haujazaliwa. (Makofi.)

Tazameni masta plani hii, iliyochorwa kwa rangi tatu na ndugu yetu Tomaso, ambaye wengi mnamfahamu kwa vibao vyake vya maduka kule Mbulu. Hapa kati ni taun senta, yenye posta, benki na jumba la sinema. Hapa ni raundi abauti, na katikati yake chemchemi itakayorusha maji juu mchana kutwa bila sababu yoyote, kwa ajili ya hadhi tu. Nyumba za wafanyakazi zitakuwa huku, kila moja na ua wake na maua yake. Upande wa mashariki uliobaki mweupe ni akiba ya upanuzi, yaani feizi ya pili. Barabara zitawekwa lami na taa, na wanaokwenda kwa miguu watavuka kwenye pundamilia.

(Mzee Gidabuday anainua fimbo. "Pundamilia tunawafukuza kila siku, wanatumalizia majani. Ninyi mnawapa barabara?" Kicheko kirefu.)

Mzee wangu, hoja yako imepokelewa, na itaundiwa kamati ndogo.

Sasa nakuja kwenye utekelezaji, kwa sababu serikali haili maneno. Uchunguzi wa kina nilioufanya jana kwa kupiga hatua mwenyewe umebaini kwamba mahali panapostahili chemchemi pamekaliwa na banda la chai la mama yetu Bernadina. Shikamoo mama. ("Marahaba," anajibu Mama Bernadina, mama wa makamo, akiwa bado anakoroga maziwa.) Banda hilo, pamoja na uzuri wa chai yake, ambao mimi mwenyewe nimeuthibitisha mara nyingi, halimo kwenye masta plani. Kwa hiyo ndugu yetu Bura, dereva wa trekta, atalisukuma leo hii mbele yenu, iwe ndiyo kazi ya kwanza ya ujenzi wa taifa katika kitongoji hiki. Ndugu Bura, washa.

(Bura hapandi trekta. "Sijanywa chai," anasema.)

Ndugu Bura, hilo linaweza kusubiri.

("Haliwezi," anasema Bura, anakaa kwenye benchi la Mama Bernadina. Madereva wenzake wanasogea mmoja mmoja, wanakaa naye, mpaka banda halionekani kwa migongo.)

Naomba utulivu. Mama ana jambo, mpeni nafasi.

(Mama Bernadina anafuta mikono kwenye kitenge. "Ndugu Hermani, nilikuja huku na mume wangu, alikuwa anaendesha kombaini. Alipofariki, ndugu zake walitaka nirudi Mbulu nikakae kwao. Nikakataa. Haya mabati nimeyapigilia mwenyewe, na chai hii inanisomeshea watoto. Kama mji unakuja, uje, nitaupikia chai. Lakini nionyeshe mtu mmoja tu aliyetumwa kuujenga.")

Mama, maagizo haya yametoka juu.

("Juu wapi?" Hasubiri jibu. "Tomaso, wewe ni mtoto wa jirani yangu, huwezi kunidanganya. Huo mchoro umeutoa wapi?" Tomaso anainamisha kichwa. "Nilikwenda Dodoma kung'oa jino, mama. Niliuona ukutani nikisubiri zamu. Huo upande mweupe ni kwamba waliniita ndani kabla sijaumaliza." Watu wanacheka mpaka wengine wanashikana mabega. Mama Bernadina hacheki. Anamtazama Ndugu Hermani tu, mwiko mkononi.)

Ndugu wananchi, kiongozi mkomavu husikiliza. Baada ya mashauriano ya kina, niliyoyafanya sasa hivi hapa nilipo, Kamati imeridhia kwamba banda libaki na chemchemi isubiri. (Makofi makubwa kuliko yote. Mama Bernadina anageuka, anammiminia Bura chai.)

Basi tuitikiane kwa nguvu. Kitongoji, kijengwe. Lami, iletwe. (Wanaitikia wachache, midomo imejaa maandazi.)

Kwa kumalizia, namshukuru Mzee Gidabuday kwa kutuazima malisho yake asubuhi hii. Namshukuru Ndugu Tomaso, na pole ya jino. Nawashukuru kwa namna ya pekee viongozi wetu wa Makao Makuu kwa moyo wao wa kukipokea kitongoji hiki, moyo ambao sina shaka watakuwa nao pindi watakapopata habari zake. Na kama kuna yeyote kati yenu anayejua anwani yao, naomba aje anione nikishamaliza chai.