Jinsi Arlys Tveit Alivyokirudisha Kidole cha Verlyn Haugstad

Sogezeni viti, enyi wasikilizaji, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana habari hii haipendi kukatizwa. Wengine wamewasifu wafalme walioteka miji, na majemadari waliovuka mito kwa farasi elfu. Mimi nawaletea habari za Arlys binti Knut wa ukoo wa Tveit, Mziba-Pancha, Mwenye Mikono ya Grisi, malkia wa jeki na spana, mmiliki wa karakana ya matairi na duka la chakula cha ng'ombe katika tarafa ya Sorrel, nyanda za kaskazini za Amerika. Na jinsi alivyotoka mwezi wa Machi, katika matope yaliyofika nusu ya gurudumu, kwenda kukitafuta kidole kimoja.

Kidole chenyewe ni cha shahada, cha mkono wa kulia. Kwetu, magari mawili yakikutana kwenye barabara ya changarawe, kila dereva hukiinua kidole hicho kutoka kwenye usukani, kimoja tu, kisha hukirudisha. Kupunga mkono mzima ni mambo ya watu wa mjini. Asiyeinua kabisa ni mgeni, au ni mgonjwa, au amekukasirikia. Na mzee Verlyn Haugstad, mfugaji wa ng'ombe weusi, aliyefiwa na mkewe Idella, alikuwa hajamwinulia Arlys kidole tangu Septemba. Miezi sita walipishana karibu kila siku, na miezi sita mikono ya Verlyn ilibaki imeganda juu ya usukani. Arlys hakujua kosa lake. Hakuuliza pia, kwa sababu kwetu jambo kama hilo haliulizwi.

Sasa basi, daraja la kijito cha Sow lilikuwa limefungwa mwaka wa tatu, na mwenye pancha ng'ambo ile alilazimika kuzunguka saa nzima ndipo aifikie karakana. Arlys aliandika barua mpaka kalamu zikakauka. Mwishowe alipandwa na hasira takatifu, akaapa mbele ya pipa la mafuta machafu kwamba atagombea ubunge wa jimbo, aende mwenyewe kwenye lile jengo lenye kuba, akaliseme daraja mbele ya wenye tai. Sheria ilimtaka alete saini hamsini za wanachama wa chama chake, kabla ya saa kumi na moja jioni, siku ya mwisho wa Machi. Alizikusanya kwa wiki tano, zizi kwa zizi, na siku ya mwisho, saa nane mchana, akaziweka mbele ya Maxine Vogel, karani wa tarafa, mlinzi wa mihuri, mwanamke ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu.

Maxine alizipitia moja moja, akaisimamisha kalamu juu ya ile ya mwisho, akaikata.

"Huyu Dale wako nyumba yake iko nje ya mpaka," alisema. "Ghala ndiyo iko kwetu, na ghala haipigi kura."

Zikabaki arobaini na tisa. Jeshi lote likasimama kwa kukosa askari mmoja. Arlys aliinama juu ya orodha ya wanachama, akawahesabu wasiosaini: watatu walikuwa wamekwenda kusini kukimbia baridi, mmoja alikuwa hospitali akitolewa nyongo, na mmoja alikuwa Verlyn Haugstad. Maxine, ambaye habari za kile kidole alizijua kama walivyozijua wote, alimtazama kwa huruma, akamwambia barabara ni mbaya leo.

Mbaya kweli ilikuwa. Ile pikapu kuukuu ya Arlys, farasi wake wa vita, iliteleza kushoto na kulia, ikapiga chafya, ikazama, ikaibuka, hata ikafika uani kwa Haugstad imevaa matope mpaka kwenye vioo. Verlyn alikuwa amesimama mlangoni kwa viatu vya mpira. Wakakabiliana, mashujaa wawili, upepo ukivuma katikati yao, wakatoleana hotuba kama ilivyo desturi ya watu wa nyanda.

"Matope," alinena Verlyn.

"Matope kweli," alijibu Arlys.

 Ndipo Arlys alipoieleza shida yake, daraja, saini, Dale na ghala yake, akainyoosha karatasi. Mzee hakuipokea.

"Siku moja kabla hatujamzika Idella," alisema, "ulinipita pale kwenye kona ya silo la nafaka. Nikakuinulia. Wewe ukakodoa macho mbele kama unaendesha treni."

Arlys aliitafuta siku ile kichwani mwake, hakuiona. Aliona aibu kali, aibu ya kushtakiwa kosa usilolikumbuka, na mbele ya mtu aliyefiwa hakuwa na ujasiri wa kukana. Alisema samahani. Verlyn akaitikia kwa kichwa, akasema saini hatatoa, kisha akasema kahawa iko tayari. Kwa maana hata adui haondoki uani kwa mtu bila kahawa, na hata adui haikatai.

Basi waliingia jikoni. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo. Miwani ya Idella ilikuwa bado imening'inia kwenye msumari wake karibu na dirisha, na chini yake, juu ya kitambaa safi, palikuwa na bakuli la kioo la kuokea, tupu, limesuguliwa likang'aa, pembe moja imemeguka. Arlys aliitazama ile pembe. Ilimeguka mwaka ule yeye mwenyewe alipoliangushia spana namba kumi na tisa.

Aliuliza, kana kwamba hajui, lile bakuli ni la nani, na Verlyn, ambaye alikuwa hajasema maneno mengi tangu mazishi, akayasema yote mara moja.

"Lingekuwa na jina ningekaa nalo? Yalikuja mabakuli kumi na manane msibani. Kumi na saba yalikuwa na utepe chini umeandikwa jina, nikayarudisha yote, kila moja na kitu ndani yake. Hili halina. Nimelipeleka kanisani Jumapili tatu, akina mama wanaligeuza, wanatikisa vichwa. Nafungua macho asubuhi nalikuta hapo linanitazama."

Jueni kwamba tuna makanisa mawili ya Kilutheri, yanaonana kabisa kwa macho, na Arlys ni wa lile lingine. Jueni pia kwamba utepe haushiki kwenye bakuli lililoshikwa kwa mikono yenye grisi.

"Viazi vya jibini," alisema Arlys polepole. "Na nyama ya nguruwe. Juu nilimwaga konifleksi za mahindi."

Verlyn akaiweka kahawa chini.

"Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani," Arlys aliendelea, "na huu wa kulia ulikuwa umelishika bakuli lisimwagike. Nilikuwa nakuja hapa kwako, Verlyn. Nilikuta hakuna mtu, nikaliacha mezani."

Mzee aliligeuza lile bakuli mikononi. Uso wake ulifanya kazi ngumu, kisha machozi yakamlenga na hakuyafuta.

"Nilivila siku nne," alisema. "Vile vya wengine viliharibika. Mimi nilikuwa nadhani jirani zangu wote walileta chakula isipokuwa wewe."

Naye Arlys akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa shati, akaacha alama ya grisi shavuni. Verlyn akaichukua miwani ya Idella kwenye msumari, kwa kuwa yake alikuwa ameikanyaga zizini, akaivaa, ile yenye fremu ya waridi, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa za mtu anayetaka lisomeke. Kisha akalijaza lile bakuli mayai kumi na manane, kwa sababu bakuli la msiba halirudi tupu, na akamwambia aende, Maxine hamngoji mtu.

Saa kumi na dakika hamsini karatasi ile ilipigwa muhuri. Maxine alilitazama jina la hamsini kwa muda mrefu kuliko sheria ilivyomtaka, akasema tu, "Haya, kumbe." Kuhusu Novemba, wenye kupenda takwimu watakuambieni kwamba Arlys alishindwa kwa kura nyingi, na kwamba daraja bado limefungwa. Takwimu hazikuwepo kwenye kona ya silo.

Kwa maana alipokuwa akirudi jioni ile ya Machi, kule kwenye kona ya silo, ambako matope ni mazito kuliko mahali pengine popote, akiwa na mkono mmoja kwenye usukani na mkono wa kulia umelishika bakuli la mayai lisiteleze, aliliona gari la Verlyn likija. Mambo yakawa yaleyale ya Septemba. Mashujaa wengine hupewa siku ya kutafakari. Yeye alipewa kama pumzi mbili. Akaliachilia bakuli, akaushika usukani kwa mikono yote miwili, na akakiinua kidole chake cha shahada, wima, cheusi kwa grisi, mbele ya kioo.

Bakuli likaruka. Mayai kumi na moja yalianguka siku ile, na majina yao hayajulikani. Pikapu ilinuka mpaka Agosti. Lakini Arlys hakuyatazama, kwa kuwa ndani ya gari lile lingine Verlyn Haugstad, aliyevaa bado miwani ya waridi, alikuwa ameinua si kidole kimoja bali mkono mzima, vidole vyote vitano, akaushikilia hivyo hewani hadi walipopishana, na hadi baada ya kupishana, jambo ambalo katika tarafa ya Sorrel halijaonekana kabla wala baada yake.