Bodi Iliyometameta Dirishani

Daktari hakuwa daktari. Siku moja aliitibu kompyuta ya kinyozi, ikapona kwa sababu zake yenyewe, na tangu hapo mtaa ukampa cheo hicho naye akaona ni utovu wa adabu kukikataa. Asubuhi hiyo alikuwa akipita na mkoba mgongoni, viatu vinang'aa kuliko dhamiri yake, akasimama ghafla mbele ya studio ya picha.

Dirishani, ndani ya kasha la kioo lenye taa za rangi rangi, kulikuwa na kompyuta, feni zake zinazunguka taratibu. Taa hazikumbabaisha, siku hizi hata kibanda cha vocha kina taa. Kilichomshika miguu ni mazabodi, ule ubao mkuu ambao vitu vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Ilikuwa nyeusi tii, ina mfuniko wa chuma uliosuguliwa, na kwenye kona moja ilikuwa inametameta.

“Mama yangu!” akajisemea. “Hii bei yake hata siwezi kuitamka.”

Hapa tusimame kidogo tuieleze biashara yake, maana bila hivyo mtamhurumia mapema. Daktari aliuza mwendo. Kiwanda, alisema, huifunga prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kamba kama mbuzi ili isile shamba lote, naye anajua kamba ilipofungwa. Uongo mzuri huwa na ukweli ndani: mafundi hasa huifungua kamba hiyo, kidogo kidogo, huku wakichunga joto. Daktari hakuwa na subira ya kidogo kidogo. Alikuwa anaichukua bodi nzima ya mtu eti akaisasishe, kisha anamrudishia nyingine iliyokufa zamani, imesuguliwa, imepakwa, imevishwa. Mwenyewe akija analia, jibu lilikuwa moja: “Bodi ni kama yai, ndugu yangu. Ikishatoka mkononi mwangu, imetoka.”

Chambo chake kilikuwa Mnyama. Mnyama ilikuwa bodi yake mwenyewe, ndani ya kikasha chenye skrini ndogo alichokibeba mkobani. Ilikuwa nzima, iliongezwa mwendo na fundi anayejua kazi, na ndicho kitu pekee maishani ambacho Daktari alikinunua dukani kwa bei iliyoandikwa. Mteja akishaona Mnyama inavyofungua video ya saa nzima kabla hajapepesa jicho, moyo unalainika wenyewe. Bila Mnyama, Daktari alikuwa mtu mwenye maneno mengi tu, na watu wa namna hiyo mtaani kwao walikuwa hawahesabiki.

“Hodi hapa!”

“Karibu, baba. Picha ya pasipoti au ya familia?” Mama mwenye studio alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa. Pembeni, kwenye kigoda, alikaa mumewe, uso umefungwa mtandio kuanzia kidevuni hadi utosini, yamebaki macho tu.

“Sikuja kupigwa picha, mama. Nimekuja kutibu. Hiyo kompyuta yako inaumwa.”

“Jamani! Na hii nayo? Mgonjwa wa kwanza huyu hapa, mume wangu, jino. Tangu juzi hasemi.”

“Pole sana, mzee.”

“Mmm!” akajibu mzee, kwa hasira kubwa kidogo kuliko jino linavyostahili.

Kwenye skrini bibi harusi alikuwa anakata keki, picha inateleza bila kukwama. Waya wa skrini ulishuka nyuma ya meza, ukapotelea chini ya kitambaa kirefu. Fundi wa kweli angeufuata kwa macho. Daktari miaka yote alikuwa anafuata nyuso za wateja, na uso wa mama huyu ulikuwa wa mtu ambaye hajawahi kuambiwa kitu kibaya. Akaridhika.

Akamtoa Mnyama, akamfungulia mama video. Mama akapiga makofi kama yuko uwanjani.

“Hee! Hii inakimbia jamani! Na yangu itakuwa hivi?”

“Itaizidi. Nipe niende nayo, siku chache tu nimeisasisha.”

“Aa, hapana, baba. Nina harusi ya watu ya kukabidhi Jumamosi, na bibi harusi mwenyewe ni moto wa kuotea mbali. Bora iumwe hivyo hivyo, imeshazoea.” Akarudi kwenye lenzi yake.

Daktari akatoka jasho. Akaitazama tena ile kona inayometameta. Bodi kama ile angeiuza na kununua Mnyama mwingine, na mdogo wake Mnyama, na chenji ikabaki. Akainama, akatega sikio kwenye kasha, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kukodi.

“Ina homa. Haifiki Jumamosi hii. Sikiliza, wewe ni dada yangu kabisa. Tubadilishane. Mimi nibebe huu mgonjwa, wewe ubaki na Mnyama.”

“Uniachie nzima, uchukue mbovu? Huoni hasara?”

“Huruma ndiyo ugonjwa wangu, dada. Imenirithisha umaskini.”

“Haya. Ila usije kesho ukaitaka. Mimi sipendi maneno.”

“Dada! Bodi ni kama yai. Ikishatoka mkononi mwangu, imetoka.”

Mzee mwenye jino akainamisha kichwa magotini, mabega yakaanza kutikisika. Mkewe akamwambia kwa upole, “Jikaze, baba watoto. Hebu chomoa nyaya.” Mgonjwa akaruka kutoka kwenye kigoda akazama nyuma ya meza kwa wepesi ambao Daktari, laiti angekuwa daktari, angeushangaa.

Tumpe haki yake: mikono alikuwa nayo. Alishika kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini umtoke usije ukaunguza kitu. Akafungua skrubu, akainyanyua bodi ya mama kwa kingo kama kitoto kichanga. Akamlaza Mnyama mahali pake, akakaza skrubu kwa mshazari, bila nguvu, akachomeka nyaya moja moja. Akawasha. Mnyama akaamka, skrini ikawaka, mama akashangilia. Daktari akaiviringisha ile bodi inayometameta katika shati lake la akiba, akaaga, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetaka kukimbia lakini anaogopa kuulizwa sababu.

Kwake aliiweka mezani, akaiunganisha na umeme. Kimya. Akachomoa memori, akairudisha mpaka ikalia “ta”. Kimya. Akasugua pini kwa kifutio, akabadilisha kibetri. Kimya cha msibani. Akajaribu hata kuisasisha ile programu inayoamsha kompyuta, kazi aliyowaahidi watu miaka yote bila kuifanya, na siku aliyoikusudia kwa moyo wote hakukuwa na wa kuamshwa. Akaufungua ule mfuniko wa chuma.

Mkewe akaingia na beseni la nguo. Akasimama.

“Hee! Hiyo si rangi yangu ya kucha?”

“Ipi?”

“Hiyo nyeusi inayometameta! Chupa niliyoitafuta mwaka jana nyumba nzima! Nikamwita wifi mwizi, dada yako wa watu, mpaka leo hatusemeshani!”

Daktari akakwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka, na chini yake kukawa na alama ya kuungua, kubwa, ya kizamani, anayoifahamu. Bodi alizokuwa amezipamba ni nyingi, na msusi hakumbuki kila kichwa. Lakini hii sasa aliikumbuka, pamoja na mwenyewe, yule bwana mnene aliyerudi mara tatu kulalamika. Akatoka mbio, bodi kwapani.

Studioni, mzee alikuwa hana mtandio, na uso ulikuwa ule ule wa bwana mnene. Alikuwa anatafuna karanga kwa meno yote.

“Jino limepona?” Daktari akauliza.

“Limetoka na wewe mlangoni. Mwaka mzima limeniuma. Kila nikikaa kula, mke wangu ananiuliza, ‘Bodi yako imeamka?’ Tukaona tuiweke dirishani, mwenyewe atapita.”

“Lakini niliiona inacheza harusi!”

Mama akainua kitambaa cha meza kwa vidole viwili. Chini yake kulikuwa na laptopu. “Harusi ilikuwa inatoka huku, baba. Taa na feni tulizipa umeme wake pembeni. Hukuangalia nyuma.”

“Nirudishieni Mnyama. Jamani, nitakula nini?” Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya kweli siku hiyo, na ilimtoka na machozi.

Mzee akamwonea huruma, akammiminia karanga chache kiganjani. “Bodi ni nini, Daktari?”

Daktari akazitazama karanga. “Ni kama yai,” akasema.

Akarudi kwa miguu mizito. Njiani akapita duka la vipodozi, akasimama, akaingia.

“Una rangi nyeusi ya kucha, ile inayometameta?”

“Ipo. Ya mama nyumbani?”

“Ndiyo, ya mke wangu.” Akaisogeza ile bodi kwapani, akaikagua kidogo ile kona iliyobanduka. “Nipe mbili.”